Msalaba Uliokubali Namba Mbili

Wiki iliyopita mafundi walikuwa wakipaka chokaa ukuta wa ukumbi wa parokia yetu, nami nilikuwa napita kwenda misa ya asubuhi. Mvua ilikuwa imelowesha ndoo zao, na harufu ya chokaa mbichi ikaniingia puani kabla sijawaona wenyewe. Nikasimama. Fundi mmoja akaniita Koko, yaani bibi: "Koko, unatafuta mutu?" Nikamjibu hapana, napumzika tu. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimerudi darasani, mtaa wa Kadutu, nina miaka kumi na mmoja, vidole vimejaa vumbi la chaki, na nina hasira.

Mimi ni mtu wa kushukuru. Mungu amenipa miaka mingi, watoto, wajukuu, na magoti ambayo bado yanakubali kupigwa kanisani. Wanaonijua husema nina subira. Lakini kuna namba moja ambayo nikiikumbuka subira hiyo hunitoka, nami hulazimika kusali kidogo kabla ya kuendelea na kazi. Namba yenyewe ni milioni tatu, mia sita thelathini na saba elfu, mia moja sabini na mbili. Naiandika hapa kwa tarakimu, maana bila kuiona hamtanielewa: 3 637 172.

Darasa letu lilikuwa na watoto zaidi ya sitini chini ya bati moja. Mvua ikinyesha hatukusikia kitu, tulisoma midomo ya mwalimu. Tulimwita Maître, kama walimu wote walivyoitwa. Alikuwa mrefu, ana koti moja la kahawia, na mfuko wa koti hilo ulikuwa mweupe daima kwa sababu ya chaki. Asubuhi alitufundisha hesabu kwa Kifaransa, mchana alitufundisha katekisimu kwa Kiswahili. Kwangu mimi asubuhi na mchana havikuwa mbalimbali. Mtu yule yule, ubao ule ule, sauti ile ile iliyosema Mungu ni mmoja na saba mara nane ni hamsini na sita.

Ndiyo maana nilielewa vibaya alipotufundisha *preuve par neuf*, yaani ushahidi wa tisa. Watu wa umri wangu mnaijua. Ukishazidisha namba mbili kubwa, unachora msalaba pembeni. Juu unaandika namba ya kwanza baada ya kujumlisha tarakimu zake mpaka ibaki moja tu. Chini unafanya vivyo hivyo kwa namba ya pili. Kushoto unazidisha ya juu na ya chini, unajumlisha tena. Kulia unajumlisha tarakimu za jibu lako. Kushoto na kulia vikilingana, jibu ni sawa. Visipolingana, umekosea, rudia.

Maître alichora msalaba wake umelala upande, mfano wa herufi X, kama mtu aliyekunja miguu. Watoto wote walichora hivyo. Mimi niliusimamisha. Niliona si heshima kuulaza. Niliamini kabisa kwamba ule ulikuwa msalaba wa Yesu, kwamba namba ya juu ilikuwa penye taji la miiba, ya chini penye miguu, na zile za pembeni katika viganja vyake viwili. Mkono wa kushoto ulishika kazi yangu, wa kulia ulishika jibu, naye akavitazama vyote viwili na kusema ndiyo au hapana. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Lakini hakuna pia aliyeniambia kwamba ni mistari miwili tu ya chaki. Kila nilipomaliza hesabu na mikono ikalingana, nilifanya ishara ya msalaba chini ya meza, polepole, Furaha asinione.

Furaha aliketi nami benchi moja. Alikuwa hodari wa hesabu kama mimi, na mdomo wake ulikuwa hodari zaidi.

Kati ya Pasaka na Pentekoste mwaka ule tulijiandaa kwa Kipaimara. Baba Askofu angekuja parokiani kwetu, na haikujulikana atarudi lini, kwa kuwa jimbo lilikuwa kubwa na njia mbaya. Gauni langu jeupe lilikuwa tayari, limening'inia ukutani limefunikwa shuka. Mama msimamizi wangu angetoka Nyangezi. Papa, yaani baba yangu, alikuwa Luhwindja akichimba dhahabu, lakini alikuwa ametuma neno kwamba siku hiyo atakuwepo hata akija kwa miguu.

Jumamosi moja Maître akatupa hesabu moja tu, kwenye karatasi, kwa kalamu ya wino. Ilikuwa imetoka kwa inspekta ndani ya bahasha, pamoja na jibu lake: 6 748 mara 539. Tulifanya kazi kwenye vibao vyetu vya mawe, kisha tukahamishia jibu na msalaba kwenye karatasi, tukafuta vibao kwa kiwiko. Nilikuwa wa kwanza kumaliza. Msalaba wangu ulisimama wima: juu saba, chini nane, kushoto mbili, kulia mbili. Nilifanya ishara yangu chini ya meza.

Jumatatu akaniita.

"Nsimire, simama. Soma jibu yako."

"Trois millions six cent septante-trois mille cent septante-deux," nikasoma: 3 673 172.

"Furaha, na weye?"

"Trois millions six cent trente-sept mille cent septante-deux," akasoma yeye: 3 637 172.

"Ya Furaha njo ya kweli." Akanyanyua karatasi yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia. "Sasa unieleze, Nsimire. Jibu yako ni mubaya. Musalaba yako ni muzuri. Ilitoka wapi?"

"Nilihesabu, Maître."

"Jibu ya uongo haiwezi kuzaa musalaba ya kweli. Ulikosa jibu, ukaangalia kwa mwenzako, ukanakili musalaba yake."

"Hapana, Maître. Jumlisha tu jibu yangu, utaona."

"Mimi nijumlishe?" Akageukia darasa. "Batoto, tumepata Maître mupya! Atatufundisha preuve par neuf."

Darasa zima likacheka, hata wale ambao msalaba wao haujawahi kulingana tangu waanze shule. Furaha hakucheka, lakini alisogeza karatasi yake upande wa ukuta, na hilo liliniuma zaidi.

Kisha Maître akaacha utani. Alisema kunakili ni wizi, na kunakili msalaba ni wizi mbele ya Bwana, na mtoto wa namna hiyo hawezi kupewa mafuta matakatifu. Akachukua orodha ya Kipaimara, akapiga mstari juu ya jina langu. "Siku utasimama hapa mbele useme 'nilinakili', jina yako itarudi. Mbele ya Pentekoste. Nyuma yake, utangoja Baba Askofu arudi."

Kujumlisha tarakimu saba hakuchukui muda wa kupiga chafya mara mbili. Tatu, sita, saba, tatu, moja, saba, mbili. Ishirini na tisa. Mbili na tisa ni kumi na moja. Moja na moja ni mbili. Wiki tatu nilimwomba kila mtu anifanyie jumla hiyo, na wiki tatu nilijibiwa mambo mengine.

Maman alikuwa akichambua maharagwe nilipomweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Neno moja tu, mwanangu. Unasimama, unasema pardon, unakaa. Imeisha."

"Lakini sikunakili, Maman."

"Na nani amesema ulinakili? Sema tu."

"Nikisema nitakuwa nimedanganya. Kwenye Kipaimara tunapokea Roho wa kweli."

"Roho Mutakatifu anamujua ule Maître," Maman akasema, akitupa jiwe lililokuwa ndani ya maharagwe. "Haiko weye wa kwanza. Ile robe ya ukutani nitaivalisha nani? Mbuzi?"

Shuleni waliniita Musalaba. "Musalaba, unikopeshe yako, yangu imekataa!" Nilipopita, wavulana walinyoosha mikono pembeni na kulaza shingo. Furaha aliwakemea siku moja, kisha njiani akaniambia, "Lakini uniambie mimi peke yangu. Uliangalia wakati gani? Sikukuona."

"Hukuniona kwa sababu sikuangalia."

"Sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu.

Nilikwenda kuungama. Padri alikuwa amechoka, niliisikia pumzi yake nyuma ya wavu. Nikamwambia nimekuja kuungama dhambi ya kunakili. Akauliza nilinakili nini. Nikasema sikunakili.

"Kama haukufanya, unaungama nini?"

"Maître amesema niseme."

"Kwangu sema yenye ulifanya. Ulikasirika?"

"Sana, Padri."

"Basi ile. Salamu Maria tatu."

Nilizisali zote tatu, lakini niseme kweli, nilizisali nikiwa nimekunja ngumi.

Kilichonitesa zaidi hakikuwa Maître. Kilikuwa msalaba wenyewe. Nilikuwa nimerudia ile hesabu nyumbani kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya udongo, na jibu lilikuja la Furaha: 3 637 172. Nikaona kosa langu mara moja. Wakati wa kuhamisha kutoka kibaoni nilikuwa nimepindua tarakimu mbili, thelathini na saba ikawa sabini na tatu. Kosa la macho tu. Nikachora msalaba kwa jibu la kweli. Kushoto mbili, kulia mbili. Nikachora kwa jibu langu la uongo. Kushoto mbili, kulia mbili. Nilikaa chini nikatazama misalaba miwili, na kila mmoja unasema ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilidhani nimemkamata Yesu akisema mambo mawili.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nilikata boksi la sukari vipande saba, nikaandika tarakimu moja kwenye kila kipande, nikaanza kuzipanga kama jibu la kweli, kama jibu la uongo, kama la kweli tena, nikitafuta mahali ambapo msalaba ungeona tofauti. Haukuona. Jioni ya tatu hasira ikanishinda, nikavifagia vipande vyote kwa mkono, vikatawanyika mpaka chini ya kitanda. Kisha nikaogopa Maman, nikaviokota nilivyovikuta, nikaviweka mstari bila kutazama. Vilikaa hivi: 7 163 237. Nikajumlisha kwa mazoea tu. Ishirini na tisa. Kumi na moja. Mbili.

Nikavivuruga tena. Mbili. Tena. Mbili. Nikapanga kuanzia kubwa kwenda ndogo, 7 763 321. Mbili. Nikacheka peke yangu, nikisikia aibu, maana jambo lilikuwa wazi hata kwa mtoto mchanga: ukijumlisha vitu vile vile, haijalishi unaanza na kipi. Msalaba hauoni mahali tarakimu ilipoketi. Unaona tarakimu tu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa sababu yake kamili, na bado naiona nzuri kama zaburi. Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu ni mia tisa tisini na tisa na moja. Weka saba mahali popote, kwenye makumi, kwenye maelfu, kwenye mamilioni. Ukiondoa matisa yote inabaki saba ile ile. Kwa hiyo namba yangu ya uongo na namba ya kweli zilitofautiana kwa elfu thelathini na sita, nayo ni matisa matupu. Niliwahi kuhesabu pia njia ambazo vile vipande saba vinaweza kupangwa. Ni elfu moja mia mbili na sitini. Moja ni jibu la kweli. Zote zilizobaki ni za uongo, na msalaba unazikubali zote.

Jumamosi, siku nane kabla ya Pentekoste, siku ya kufagia darasa, nilibaki nyuma. Maître alikuwa mezani akisahihisha madaftari, rundo la sitini na zaidi. Nilisimama mlangoni, hakuniona. Alifungua daftari, akatafuta msalaba, akatia alama, akafunga. Akafungua jingine, akatafuta msalaba, akatia alama, akafunga. Hakusoma hesabu hata moja. Sikulaumu kitu wakati ule. Nilidhani ndivyo inavyofanywa.

"Umekuja kusema?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuandika, Maître. Kidogo tu."

Labda alikuwa amechoka kunikatalia. Alinionyesha ubao kwa kidevu. Nikaandika jibu la Furaha. Chini yake nikaandika langu. Chini yake, 7 763 321. Chini yake, 1 233 677. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikashika mikono yangu mgongoni.

"Jumlisha, Maître. Tafazali."

Alitaka kurudi kwenye madaftari yake. Lakini mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote hawezi kutazama tarakimu bila kuzijumlisha, kama mimi nisivyoweza kusikia nusu ya Salamu Maria bila kumalizia. Niliona midomo yake ikisogea. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa pili akarudia tangu mwanzo. Wa tatu. Wa nne.

"Zote ni mbili," nikasema. "Na jibu ni moja tu."

Ziwa lilionekana dirishani, limetulia. Maître alitazama ubao muda mrefu. Kisha akatazama rundo la madaftari, yale aliyokwisha kuyatia alama, na mkono wake ukalala juu yake kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Nami nikiwa mtoto nilidhani anafurahi kwamba amejifunza jambo jipya. Nilingoja atabasamu.

"Nani mwingine anajua hii?"

"Hakuna mutu, Maître."

Alisimama, akafuta ubao kwa mkono wa koti lake, mistari yote minne, mpaka ukabaki wingu jeupe.

"Enda kwenu. Jina yako nitaandika."

"Na utawaambia wenzangu sikunakili?"

"Nimesema jina yako nitaandika."

"Ndiyo, Maître. Lakini utawaambia?"

Alikuwa amekwisha kuketi. Alifungua daftari la kwanza kabisa la rundo, lile alilokuwa ameshalitia alama, akachukua kalamu, akaanza kuzidisha pembeni, tarakimu kwa tarakimu. Nilichukua ufagio wangu nikatoka.

Jumatatu alisoma orodha. Jina langu lilikuwa la mwisho, kwa wino mwingine. Hakutoa sababu, akaendelea na jina la wimbo wa maandamano. Minong'ono ikapita benchi kwa benchi, na Furaha akanikumbatia bega. "Uliweza! Ulimwambia peke yake, eh? Hata mimi ningeogopa mbele ya batu."

"Sikumwambia kitu. Nilimwonyesha."

"Haizuru, Nsimire. Imeisha."

Namtendea Maître haki kwa kusema na hili: kuanzia wiki ile madaftari yetu yalichelewa kurudi siku nne, siku tano, na kila hesabu ilikuwa imefanywa upya kwa wino mwekundu. Macho yake yakawa mekundu pia. Msalaba haukuonekana tena ubaoni. Alitenda toba yake kwa mkono, kimya, nami namwombea mpaka leo. Lakini sentensi moja, maneno mawili, "Nsimire hakunakili," hakuisema kamwe, na mwaka uliofuata akahamishwa.

Siku ya Pentekoste Papa alikuja, na mama msimamizi akaniwekea mkono begani. Baba Askofu alinipaka mafuta, akanipiga kofi dogo shavuni kama ilivyokuwa desturi siku zile, nami nikalia. Nilikuwa nimepata kile nilichokitaka na nilihisi nimepewa kwa mlango wa nyuma. Nilipogeuka nikawaona wanawake wa benchi la pili wakitikisa vichwa kwa upole. "Angalia, mutoto anatubu," mmoja akasema. Maman naye alikuwa akilia, na akawaeleza, kwa sauti ya kutosha safu tatu, jinsi nilivyoomba msamaha mwenyewe.

Maman aliishi mpaka akawaona vitukuu. Kila mwaka ilipokaribia Kipaimara ya mmoja wao, alimketisha karibu na kumsimulia habari za koko wao aliyenakili msalaba wa mwenzake, akakataa, akakataa, kisha akanyenyekea, na Mungu akampokea. Aliisimulia vizuri. Watoto waliipenda. Mara ya mwisho nilikuwa namenya viazi mlangoni, nina mvi kichwani, nami nikaweka kisu chini.

"Maman," nikasema, "kwa jina la Yesu, mimi sikunakili."

Akanyoosha mkono wake mwembamba, akanipapasa goti.

"Tunajua, mwanangu. Mungu alisha kukusamehe zamani."